Bi Kindi na Mataji ya Kiangazi

Hapo zamani za kale, watoto wangu, siku ambazo wanyama walipika ugali, walifagia nyua na kupigiana hodi milangoni, paliishi fundi mmoja katika bonde la mbali. Fundi mwenyewe hakuwa mkubwa. Alikuwa Bi Kindi!

Kiangazi kilipoingia na mavuno yakawa ghalani, wenzake wote walijilaza kivulini. Bi Kindi, wapi! Kiangazi ndicho kilichokuwa sikukuu yake. Utamwona huyoo, mbio huku, mbio kule, anaokota. Manyoya ya kanga! Magamba ya konokono! Mbegu nyekundu, maganda ya miti, nyuzi za mkonge! Akirudi nyumbani hukaa barazani, akashona, akasuka, akabandika kwa ulimbo, ule utomvu wa mti unaonata. Kufika jioni, takataka za porini zimekuwa mapazia, makawa na mikufu ya kupendeza.

"Shoga yangu," Bi Kanga, jirani yake, humwambia, "wewe hata jiwe ungelivika kanzu!"

"Niletee hilo jiwe!" hujibu Bi Kindi, na wote wawili hucheka hadi wakashika mbavu.

Lakini mwaka mmoja jua lilikuwa kali mno. Vijito vyote vilikauka. Likabaki bwawa moja tu, na bwawa hilo likatekwa na wababe wawili: Bwana Nyati na Bwana Kifaru.

"Mimi nakunywa asubuhi," alisema Nyati.

"Mimi jioni," alisema Kifaru.

"Na adhuhuri?" aliuliza Bi Kanga.

"Adhuhuri tunalala!" walinguruma wote wawili. "Na atakayegusa maji yetu tumelala, tutamkanyaga. Tifu!"

Ikawa hivyo. Wadogo wakalamba umande, na umande nao ukaisha. Siku moja Bi Kanga alikuja barazani kwa Bi Kindi akiwa amembeba kifaranga wake wa mwisho. Kifaranga alikuwa amefumba macho, mdomo wazi.

"Shoga, mwanangu halii tena," alisema Bi Kanga. "Tangu jana halii."

Bi Kindi aliweka sindano chini. Alimtazama yule kifaranga. Akakamua tunda pori la mwisho alilokuwa nalo, akamdondoshea kifaranga tone mdomoni. Kisha akasimama, mkia juu.

"Nipe manyoya yako yote yaliyodondoka."

"Ya nini?"

"Wewe nipe tu!"

Lo! Hapo ndipo mngeona kazi! Alibandika, akashona, akafunga. Akasaga mkaa akauchanganya na mafuta ya nyonyo, akapaka weusi. Akatoboa magamba ya konokono, akayatundika yagongane: kacha kacha kacha! Akatengeneza vitu viwili vikubwa vya kuvaa kichwani. Kimoja kilikuwa na meno ya miiba na ndevu za mkonge mpaka kifuani. Cha pili kilikuwa na macho mekundu ya mbegu, makubwa kama sahani, na manyoya yaliyosimama kila upande. Bi Kanga alipoviona alirudi nyuma hatua kadhaa.

"Mama yangu! Na manyoya ni yangu mwenyewe!"

Asubuhi na mapema Bi Kindi alimkuta Nyati bwawani, ananawa uso.

"Shikamoo, Bwana Nyati."

"Marahaba. Unataka nini? Kama ni maji, rudi ulikotoka!"

"Maji? Hapana, bwana! Nimekuja na zawadi. Bonde zima linasema Bwana Nyati ni mfalme asiye na taji. Nikasema, aibu gani hii, na fundi nipo?"

Masikio ya Nyati yakasimama. "Wanasema hivyo? Mfalme?"

"Kila mtu!"

"Na Kifaru je?"

"Kifaru?" Bi Kindi akafunika mdomo, akacheka kidogo. "Bwana, usinichekeshe."

Nyati akainamisha kichwa palepale. Bi Kindi akampandia shingoni, akamvalisha lile lenye meno ya miiba, akalifunga kwa kamba chini ya kidevu.

"Sasa sikiliza," alimnong'oneza. "Usijitazame majini. Taji likionwa kwanza na mwenyewe, huondoa bahati. Kajifiche vichakani upande wa mashariki. Jua likifika utosini, toka kwa vishindo, wote wakuone!"

Akatoka hapo pii! mpaka nyumbani kwa Kifaru, upande wa magharibi. Kifaru alikuwa anakunywa uji mlangoni.

"Bwana Kifaru, bonde zima linasema wewe ni mfalme asiye na taji!"

"Kumbe wameliona hilo!" alisema Kifaru, uji ukimtiririka kidevuni. "Na Nyati je?"

"Bwana, usinichekeshe."

Basi, naye akavalishwa lile la macho mekundu, naye akaambiwa yale yale, ila ajifiche upande wake wa magharibi. Kifaru hakuuliza swali la pili.

Jua likafika utosini. Bi Kindi na Bi Kanga walikuwa juu ya mgunga wamekumbatiana, kifaranga kati yao. Bonde lote kimya.

Mara, mashariki: kacha kacha! Vichaka vikapasuka, Nyati akatoka, kifua mbele.

Magharibi: kacha kacha kacha! Kifaru huyo, anatembea kwa madaha kama bwana harusi.

Wakafika ukingoni, huyu huku, huyu kule. Wakainua vichwa. Wakaonana.

"Uuuwi!" alipiga kelele Nyati. "Lina macho ya moto!"

"Nakufa!" alibweka Kifaru. "Lina meno hata shingoni!"

Nyati alitetemeka, magamba yakalia kacha kacha. Kifaru akaona zimwi linatafuna! Naye akatetemeka, yake yakalia, Nyati akaona zimwi linamjibu!

"Nisamehe, zimwi! Maji yote yako!"

"Yako wewe! Sitaki hata tone!"

Hakuna aliyemsikiliza mwenzake. Waligeuka, vumbi likatimka: kishindo mashariki, kishindo magharibi, puh! puh! puh! Walipita katikati ya miiba, mataji yakakwama na kuchanika vipande, wala hawakugeuka kutazama ni nini kimewashika vichwa. Walizidi kukimbia tu!

"Shukeni!" alipiga kelele Bi Kindi. "Shukeni mnywe!"

Wakaja digidigi, wakaja panya, wakaja kobe na wajukuu zake. Chubwi! Chubwi! Bi Kanga alimtumbukiza kifaranga mdomo majini. Kifaranga akameza. Akameza tena. Akafumbua jicho moja, halafu la pili, kisha akalia "Pii!" kwa sauti iliyowashtua hata vyura. Bi Kanga naye akalia, akacheka, akalia tena.

Kesho yake Nyati alirudi polepole, unyoya umemnatia sikioni. Kifaru alikuwa nyuma yake, anachechemea.

"Bi Kindi," alisema Nyati kwa upole, "lile zimwi... bado lipo?"

"Lipo," alisema Bi Kindi, huku akitunga shanga. "Ila nimesema nalo. Limekubali mnywe, mradi msimzuie mwingine."

"Hatumzuii!" alijibu Kifaru haraka. "Hata sisimizi, aje na mtungi wake!"

Wakasogea wakasimama nyuma ya kobe, wakangoja zamu. Bi Kanga aliuficha uso wake kwenye bawa, mabega yanatikisika kwa kicheko.

Hadithi imefika bwawani. Mwenye kiu na anywe. Nanyi wanangu shikeni neno hili: nguvu bila akili hujikimbia yenyewe.