Bomba Lifungwe

Isome pole pole, hasa wewe uliyewahi kupewa shukrani zilizokuzidi kimo. Ukimaliza, mpelekee mtu mmoja aliyekutendea jema mwaka huu, naye atajua la kufanya.

Palikuwa na chuo kikuu kimoja huko nyanda za juu, kwenye baridi ile ambayo mwezi wa saba mtu havui koti mpaka saa tano asubuhi. Chuo kilikuwa mlimani, na kijiji kilikuwa chini yake. Katikati, nyuma ya bwalo la wanafunzi, palikuwa na bomba lililovunjika.

Bomba lenyewe halikuwa na koki. Mtu fulani zamani alilichomekea kipande cha mpira wa tairi akakikaza kwa waya, basi. Maji yalipenya usiku na mchana, yakateremka mtaroni, na akina mama wa kijijini wakaja na ndoo na bakuli, wakainama, wakachota kabla mbuzi hawajayavuruga. Kijiji kizima hakikuwa na maji mengine ya karibu.

Fundi bomba wa chuo, Mzee Mlelwa, aliishi kijiji hicho hicho. Jambo hili lilimuuma sana. Mchana kutwa alitengeneza mabafu ya wasomi, na jioni akifika kwake alimkuta mkewe anachuja tope kwa kitambaa ili apate maji ya kupikia. Miaka mitatu mfululizo, kila muhula ulipokaribia kwisha na watumishi wakatakiwa kupeleka maombi ya ukarabati, yeye alipeleka barua ya mstari mmoja: "Naomba bomba lifungwe nyuma ya bwalo, watu wapate maji." Miaka mitatu hakujibiwa. Barua ziliingia kwenye faili, na faili likaingia kabatini.

Mwaka wa nne akaja Mkuu mpya wa Chuo, Profesa Nyagawa, bingwa wa lugha. Alikuwa mtu mwema na mchapakazi, ila kwenye Kiswahili hakuwa na mzaha. Barua ikikosa nukta, aliirudisha. Ukisema "masaa" alikusimamisha hapo hapo kwenye korido akakufundisha upya, hata kama umebeba ngazi. Watumishi walimwogopa zaidi walipokuwa na kalamu mkononi.

Muhula ulipokwisha, Profesa aliwakusanya watumishi wote ukumbini akawasomea taarifa. Mitihani imemalizika salama. Maktaba imepata viti. Aliwashukuru wapishi, akawashukuru walinzi, akawatakia wanafunzi safari njema. Kisha akatangaza kwamba yeye mwenyewe anasafiri, na kwamba kazi zote za likizo ndefu amezibandika kwenye ubao wa matangazo, tisa kwa hesabu, na kila moja iwe imekamilika atakaporudi.

Mzee Mlelwa alisogea ubaoni akasoma kwa kidole. Mabweni yapakwe rangi. Paa la ukumbi libadilishwe. Akateremka mpaka katikati.

Namba tano: Vioo vifungwe madirisha ya maktaba.

Namba sita: Taa zifungwe njia ya mabweni.

Namba saba: Bomba lifungwe nyuma ya bwalo.

Aliirudia namba saba mara tatu. Maneno yalikuwa yale yale aliyoyaandika yeye. Kumbe barua ilisomwa! Akajishika kwenye nguzo ya ubao, na mpishi mmoja akamuuliza kama anaumwa tumbo.

Akaenda moja kwa moja ofisini. Bi Atukuzwe, katibu muhtasi, akamruhusu kuingia.

"Profesa," alisema Mzee Mlelwa, kofia mkononi, "nimekuja kushukuru. Namba saba."

Profesa alikuwa anafunga mizigo, akashangaa kidogo. "Namba saba? Lile bomba la bwalo?"

"Ndilo, Profesa. Miaka mitatu nimelisubiri."

"Basi na mimi limenisumbua tangu siku niliyofika. Tope, msongamano, maji yanapotea ovyo. Lifunge vizuri, Mzee Mlelwa. Nikirudi nisikute tone linalomwagika."

"Hutalikuta, Profesa. Mungu akuzidishie."

"Na mkataba wako unaisha likizo hii, sivyo? Nitauangalia nikirudi. Nitakupima kwa kazi hizi."

Mzee Mlelwa alitoka amefurahi kupita kiasi. Hakuwahi kuona mkubwa anayejibu maombi kwa maneno ya mwombaji mwenyewe.

Wiki ya kwanza alimaliza vioo na taa na mafundi wenzake. Wiki ya pili akahamia nyuma ya bwalo peke yake. Aling'oa ule mpira wa tairi, akaunganisha bomba jipya, akamwaga zege chini ili tope lisiwepo tena, akachimba mfereji wa kuondoa maji yaliyobaki. Akasimamisha nguzo fupi ya matofali, na juu yake akafunga koki mbili zilizotolewa kwenye mabafu ya zamani. Pembeni akatengeneza birika dogo la mbuzi, ili wasigombane na watu. Alipomaliza alifungua, yakatoka maji meupe. Akafunga, yakakatika kabisa.

Akina mama walikuwa wamesimama mbali wanaangalia. Wa kwanza kusogea alikuwa Bi Vumilia, mama wa miaka sabini na moja, ambaye kijiji chote humsikiliza.

"Mlelwa, nani kakutuma kufanya hivi? Usije ukatuponza."

"Mkuu wa Chuo mwenyewe, mama. Karatasi hii hapa, nakala ya ile ya ubaoni, na sahihi yake."

Bi Vumilia aliishika ile karatasi kwa mikono miwili, ingawa hakujua kusoma. "Mtu ambaye hatujawahi hata kumwamkia," alisema. "Sasa sisi tutamlipa nini?"

"Hajadai kitu, mama."

"Hajadai, lakini sisi tuna haya. Hapo kwenye karatasi kuna kazi gani imebaki?"

Ilikuwa imebaki namba tisa: mitaro yote ya chuo ichimbuliwe kabla ya mvua. Vibarua walikuwa wamekosekana. Kesho yake asubuhi akina mama arobaini walipanda mlima na majembe, wengine wamebeba watoto mgongoni. Walichimba kwa wiki tatu. Mzee Mlelwa aliwaambia wapumzike, wakamwambia ashughulike na mabomba yake.

Wiki moja kabla ya wanafunzi kurudi, Profesa Nyagawa akarejea. Siku hiyo hiyo jioni alizunguka chuo na orodha mkononi, Bi Atukuzwe upande huu, Mzee Mlelwa upande ule. Mabweni yanameta. Paa jipya. Vioo safi, taa zinawaka. Alipoiona mitaro alisimama. "Hii kazi ni nzuri mno. Hawa vibarua mmewatoa wapi?" Kabla hajajibiwa walikuwa wamekwisha kuzunguka kona ya bwalo.

Profesa akaona zege, nguzo, koki mbili, na mbuzi wawili wanakunywa kwenye birika lao bila wasiwasi.

"Nini hiki?"

"Namba saba, Profesa," Mzee Mlelwa alijibu kwa fahari. "Bomba limefungwa."

"Limefungwa? Mimi naona limefunguliwa kwa kijiji kizima! Nilisema lifungwe! Maji yakome! Watu wasichote hapa!" Akageuka. "Na wewe unaishi huko chini, sivyo? Umechukua vifaa vya chuo ukajipelekea maji kwako!"

Mzee Mlelwa aliitazama orodha mkononi mwa Profesa. Ndipo alipoelewa. Barua zake hazikusomwa na mtu. Alimshukuru Profesa kwa kitu ambacho Profesa hakukiwaza hata kwa ndoto.

"Profesa," alisema taratibu, "kama ulitaka maji yakome, ungeandika lizibwe."

Bi Atukuzwe alikohoa. Kisha, kwa sauti ile ile anayosomea barua kila asubuhi, akaichungulia orodha ya Profesa akasoma: "Namba tano, vioo vifungwe. Namba sita, taa zifungwe. Namba saba, bomba lifungwe. Profesa, hizo mbili za juu ulitaka viwekwe, na vimewekwa. Hii ya tatu fundi angejuaje?"

Profesa aliinua orodha yake akaitazama. Mtu aliyerudisha barua za wenzake kwa nukta moja alikuwa amenaswa na neno lake mwenyewe, tena mbele ya mbuzi. Lakini aibu humfanya mtu kuwa mkali zaidi.

"Kosa ni kosa," alisema. "Kesho saa mbili uling'oe. Ya mkataba tutazungumza baadaye."

Usiku ule Mzee Mlelwa hakumwambia mkewe. Asubuhi alichukua spana akapanda mlima, na kila hatua ilikuwa nzito. Kazi akipoteza, atatafuta nyingine. Lakini angewaambia nini wale akina mama waliokwisha kusahau tope?

Alipofika nyuma ya bwalo aliwakuta wote arobaini. Walikuwa wamesikia Mkuu amerudi. Walivaa vitenge vyao vya kanisani, na katikati walikuwa wameweka viazi na maharage, na togwa ya kunywa kwenye chungu. Profesa naye akatokea na Bi Atukuzwe, kuja kuhakikisha agizo linatekelezwa. Akasimama ghafla.

Bi Vumilia akapiga magoti.

"Simama, mama! Shikamoo," alisema Profesa haraka.

"Marahaba, baba. Niache, leo nimependa mwenyewe. Sisi tukija chuoni huwa tunakuja kuomba. Leo hatuombi. Tumekuja kusema asante." Akaonyesha zile koki mbili, akaendelea. "Baba, tangu nimeijua ndoo, maji nayachota nimeinama. Mwezi huu, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, nimechota maji nimesimama. Nikanyoosha mgongo, nikasema, kumbe na mimi ni mtu. Hatuna cha kukupa. Mitaro yako tumeichimba, na hivi viazi ukale na watoto."

Profesa aliitazama mitaro. Akawatazama wale akina mama, viganja vyao vina malengelenge.

"Mlelwa," Bi Vumilia aliuliza, "na wewe mbona umekuja na spana?"

Wote wakamgeukia. Mzee Mlelwa aliificha spana nyuma ya mgongo. Alijua Profesa akitaka anaweza kupokea viazi, akatabasamu, akamwacha yeye aonekane mbaya. Wakubwa wengi wangefanya hivyo.

"Nimemwita mimi," alisema Profesa.

Akavua miwani. "Mama, shukrani hizi zimekosea mlango. Mimi niliandika bomba lifungwe nikiwa na maana lizibwe, msipate hata tone. Fundi wenu akasoma lifungwe, akawafungia koki mbili. Na jana, baada ya kuona kazi nzuri namna hii, nilimwambia aje aing'oe. Lugha hii nimeisomea miaka thelathini, na yeye ameielewa kunishinda. Mzee Mlelwa, nisamehe. Nilikuita mwizi, na wewe ulikuja ofisini kwangu kunishukuru."

Mzee Mlelwa aliitikia kwa kichwa.

Bi Vumilia alifikiri kidogo. "Kwa hiyo, baba, ungeandika vile ulivyotaka, sisi tungekufa kiu?"

"Ndiyo, mama."

"Basi tunamshukuru Mungu kwamba neno lizibwe lilikupotea!"

Akina mama wakaangua kicheko, na Profesa mwenyewe akacheka mpaka akafuta macho. Kisha akamgeukia katibu wake.

"Bi Atukuzwe, una kalamu? Shukrani zao wamekwisha kunipa, na kuzirudisha siwezi, kwa sababu mitaro imechimbwa. Acha nizifanyie kazi. Andika namba kumi: bomba lifungwe zahanati ya kijiji."

Bi Atukuzwe aliandika, akainua macho. "Lifungwe, Profesa?"

"Lifungwe. Na uongeze: litoe maji."

Mzee Mlelwa alikuwa bado ameshika spana. "Na hii, Profesa?"

"Koki ya kushoto inadondosha. Ikaze. Halafu upite ofisini utie sahihi mkataba."

Mzee Mlelwa aliinama akaikaza. Ilikuwa kazi ya nusu dakika, lakini yeye alikaa pale ameinama muda mrefu, kwa sababu alikuwa analia kwa furaha na hakutaka akina mama wamwone.

Funzo: Wakati mwingine shukrani humfikia mtu kabla ya wema wake. Ukishukuriwa kwa jema ambalo hukulitenda, sema kweli, kisha ulitende.