Gurudumu Lililoachiwa

Mtu mmoja alikuwa na baiskeli ya gurudumu moja. Aliitwa Hiza, mcheza sarakasi wa kule milimani, na hakuna kitu alichokistaajabia kama gurudumu lile. Halina usukani wala mnyororo. Pedali zimeshikana nalo: mguu ukizunguka linazunguka, mguu ukisimama linasimama. Ukitaka kwenda, unainama mbele kama mtu anayeanguka, nalo linawahi chini yako na kukudaka. Hiza alipolipanda, moyo wake ulijaa hofu na furaha kwa pamoja.

Ila mwendo wake ulikuwa na kikomo, na kikomo chenyewe ni miguu. Wenye baiskeli za kawaida walimpita mteremkoni wametulia, wakipiga mluzi, naye mapaja yanawaka moto. Ilimuuma sana. Tena dada yake Sikudhani, aliyemfundisha na kukiongoza kikundi chao, alikuwa ametangaza kwamba atakayetangulia kufika bondeni siku ya sikukuu ndiye atakayemrithi. Hiza aliutaka uongozi ule kuliko chakula.

Basi akang'oa friwili ya baiskeli kuukuu, kile kidude kinachoacha gurudumu lijiendee huku miguu imepumzika, akaifunga kwenye gurudumu lake. Sikudhani alipoiona alishika kichwa.

"Mdogo wangu, hicho kinachokuchosha ndicho kinachokushika. Itoe!"

Hiza akatia pamba masikioni.

Sikukuu ikafika. Akaushika mteremko, akapumzisha miguu, na gurudumu likachukua kasi ambayo hajapata kuiona maishani. Watu wakapiga vigelegele. Jamani, ilipendeza! Kisha likaanza kumtangulia. Akakanyaga pedali kinyume ili alizuie, nazo zikazunguka bure bila kushika kitu. Gurudumu likamtoroka, likaenda zake bondeni peke yake. Hiza akaanguka chali, mguu ukavunjika.

Akiwa pale chini alimwona dada yake akimjia juu ya gurudumu lake, amelowa jasho, akiinama na kudakwa, akiinama na kudakwa, polepole, mpaka akamfikia. Hiza alisahau maumivu. Akatazama kwa mshangao mkubwa, machozi yakamtoka.

Nanyi mnaonisikiliza, ni kifungo gani mnachokilaani kila asubuhi, ambacho kikifunguliwa leo mtaanguka?