Uzoefu wa Luvanda

Palikuwa na kocha mmoja wa mpira aliyekuwa na msaidizi asiyejua kunyamaza. Kocha huyo aliitwa Anyosisye Mwakalobo, na timu yake ilikuwa ya mji mdogo wa nyanda za juu, mji wa mbao na viazi, ambako asubuhi ukungu hulala uwanjani hata golikipa asilione goli la upande wa pili. Msaidizi wake alikuwa Gideoni Sanga. Huyo hakuajiriwa na mtu. Alikuja mazoezini siku moja akapanga koni, akawafunga bandeji wachezaji walioteguka, na kesho yake akaja tena, mpaka watu wakamzoea.

Sanga alikuwa na tabia moja: alichokiona alikisema. Si kwamba aliona sawa siku zote. Mara nyingi alikosea, na kocha alimcheka mbele ya wachezaji, naye Sanga akacheka pamoja nao. Lakini kikosi kikipangwa akaona kasoro, au akadhani ameiona, hakulala nayo.

Ikatokea wiki ya mechi na timu ya wilaya jirani, mechi ambayo mji mzima uliingojea kwa hamu. Sanga akamwambia kocha asimpange Yohakimu Mbilinyi, nahodha na beki wa kati, kwa sababu goti lake lilikuwa linavimba baada ya mazoezi. Alisema mbele ya wote, na nahodha akainamisha kichwa. Baada ya hapo kocha angempanga vipi? Akamweka nje. Timu ikafungwa, na Mwakalobo akatukanwa kuanzia sokoni hadi mlangoni pa kanisa.

Goti likapumzika, likapona. Kocha hakuliweka moyoni goti lile lililopona. Aliweka moyoni matusi, na zaidi ya matusi aliweka moyoni kwamba aliambiwa mbele za watu.

Timu ilipopanda daraja, kamati ikaona haifai tena kuwa na msaidizi wa kujitolea. Wakakutana kumtafuta kocha msaidizi wa kuajiriwa. Mwenyekiti wao, Bi. Tulinagwe, mama mwenye ghala la mbao na sifa ya kutenda haki, akalitaja jina la Sanga kwanza.

"Ana uzoefu gani?" akauliza. "Amefundisha wapi?"

Wote wakamgeukia kocha. Neno lake moja lingetosha. Angeweza kusema, amefundisha hapa, pamoja nami, na mengine mnayonisifia yametoka kinywani mwake. Neno hilo lilimfika Mwakalobo ulimini, akalimeza.

"Sanga ni mtu mwema," akasema.

Kila aliyekuwa chumbani alielewa. Mtu akiulizwa habari ya kazi yako akajibu habari ya wema wako, amekwisha kukufungia mlango.

Akaajiriwa Damasi Luvanda. Huyu alikuwa amepita klabu nyingi, za pwani na za ziwani, na nyingine za nje ya mipaka. Na alipozitaja moja moja, wajumbe walitikisa vichwa kwa heshima. Hakuna aliyeuliza zaidi. Sanga akaja mara ya mwisho, akamkabidhi mgeni mfuko wa vifaa, akamwonyesha mpira unaovuja upepo, akarudi kwenye kazi yake ya kiwandani, kupasua mbao.

Wala Luvanda hakuwa mvivu, msije mkamdhania hivyo. Aliwahi kuliko wote. Mazoezi yake yalikuwa na mpango, na mchezo aliusoma kama mtu anavyosoma barua ya mwanawe. Na kila alichokisema Mwakalobo, yeye alijibu, "Sawa, kocha." Abadili mfumo, sawa. Amtoe winga anayecheza vizuri, sawa. Wachezaji wakaona namna wakubwa wanavyoelewana, nao wakaacha kuuliza maswali. Mwakalobo akaanza kutembea kifua mbele. Akajiambia kwamba sasa amepata mtu anayeijua kazi, kwa maana anayeijua kazi habishani ovyo. Uzoefu aliuonja namna hiyo, akauona mtamu.

Msimu ukaenda vibaya. Ikabaki mechi ambayo wakifungwa wanarudi walikotoka, na goti la Mbilinyi likaanza tena. Nahodha alilificha ndani ya soksi ndefu, kwa kuwa alijua kocha anamtegemea. Lakini mazoezini, akirudi kukaba, alisimama ghafla akashika nguzo ya goli, akakunja uso. Mwakalobo akaona. Moyo wake ulimwambia yaliyo kweli, naye hakuyataka. Akamtazama msaidizi wake.

Luvanda akalitazama goti. Kisha akautazama uso wa kocha, na uso ndio alioutazama kwa muda mrefu.

"Atafaa?" kocha akauliza.

"Ukimwona anafaa, kocha, anafaa."

Mbilinyi akacheza. Kipindi cha pili ilipigwa kona, akaruka juu kuliko wote, akautoa mpira kwa kichwa. Alipotua, mlio wa goti ulisikika hadi kwenye benchi. Walimbeba kwa machela, naye hakulia; alikuwa ameziba macho kwa kiganja kama mtu aliyepigwa na jua, ingawa siku ile jua halikuwepo. Hakucheza tena mpira. Hata leo anauza viazi kando ya barabara kuu, na mteja akija, hushika meza kwanza ndipo anyanyuke.

Timu ikafungwa, ikashuka. Kamati ikaita watu mmoja mmoja. Luvanda alipoulizwa habari za goti, akajibu kwa huzuni kwamba alikuwa ameliona tangu mazoezini, lakini uamuzi haukuwa wake. Hakusema uongo hata neno moja. Mwakalobo akafukuzwa, na timu akapewa Luvanda.

Mwakalobo akaenda kuchukua viatu vyake chumba cha kubadilishia nguo, akamkuta Luvanda akianika jezi kwenye kamba. Akasimama mlangoni. Alikuwa amekuja na maneno makali, lakini lililotoka ni swali.

"Uliliona goti. Mbona hukuniambia?"

Luvanda hakumdhihaki. Alimaliza kuitandaza jezi iliyokuwa mikononi, akaikung'uta mikono yake.

"Kocha wangu wa kwanza nilimwambia, akanifukuza," akasema. "Wa pili nilimwambia kwa upole, akanifukuza kwa upole. Huo ndio uzoefu mlionitafutia."

Mwakalobo akatafuta mahali pa kushikia hasira yake, asipaone. Alimfikiria Sanga. Akaona wazi kwamba yeye naye ni mmoja wa wale makocha wa kwanza, ila hakuwa na ujasiri hata wa kumfukuza mtu. Alimsifu tu hadi akatoka mwenyewe. Na kama siku moja Sanga ataajiriwa mahali pengine, ataingia huko akiwa amejifunza kwake kunyamaza.

Akachukua viatu, akaenda nyumbani kwa Mbilinyi. Mke wa nahodha akampa kigoda, akamkaribisha chai, akatoka nje, kwa maana hakutaka kumwona. Mgonjwa alikuwa amelala kitandani, mguu juu ya mto. Mwakalobo akamwomba radhi. Alisema yote, na ya Sanga akayasema, na neno alilolimeza mbele ya kamati.

Mbilinyi akasikiliza mpaka mwisho.

"Mimi pia nilijua, kocha," akasema. "Nilisubiri mmoja wenu aniambie nikae. Nilipowaona nyote wawili mmenyamaza, nikasema labda wakubwa wanajua zaidi."

Mwakalobo angefarijika kama angetukanwa. Hakutukanwa. Akanywa chai yake mpaka ikaisha, kwa kuwa hakujua namna ya kuinuka.

Basi ninyi mlio na watu chini yenu, nyumbani, kazini, au katika nyumba ya Mungu, mnapomwuliza mtu ana uzoefu gani, mmewahi kujiuliza yeye aliye kwenu leo anajifunza nini kutoka kwenu?