Masizi Huchomwa na Safari

Gari la Osmund Komba liliwasha taa ya njano, na kwa ajili ya taa hiyo Osmund hakwenda Songea.

Masizi huchomwa na safari. Mmemsikia fundi akisema hivyo, mkacheka, mkadhani ni maneno ya magari tu. Si ya magari tu. Methali hii ilianza hivi.

Osmund alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi Makambako. Kaka yake, Gerold, alibaki kwao, katika kijiji kilicho kando ya barabara kuu, karibu na mji wa Songea. Mama yao alipofariki, basi alilopanda Osmund liliharibika njiani, akafika watu wamekwisha kutoka makaburini. Gerold alikuwa na uchungu, na mwenye uchungu hachagui maneno. Akasema mbele ya waombolezaji wote, "Mwenye duka amefika. Mpeni sahani, mama tumeshamzika."

Osmund hakula. Aligeuka na begi lake mkononi, akaapa kwamba hatatia tena mguu pale kwa basi. Atarudi kwa gari lake mwenyewe, na watu watasimama kulitazama.

Ilimchukua miaka minne. Gari lenyewe lilikuwa la dizeli, la kijivu, mtumba wa Japani, lakini safi. Juma lile lile alilolinunua, Gerold akapiga simu. Miaka yote ile walikuwa hawajasemezana.

"Mdogo wangu, nasikia una gari."

"Ninalo."

"Basi njoo. Nina neno lako, na si neno la simu. Halafu kifua hiki hakinipi usingizi."

"Nakuja, kaka. Acha nilizoee kwanza."

Akalizoea kwa kwenda nalo dukani. Kutoka nyumbani kwake mpaka dukani ni kilomita mbili. Asubuhi anawasha, na kabla injini haijapata joto sawasawa anazima. Jioni vivyo hivyo. Kila Jumamosi analiosha mwenyewe, anafuta mpaka matairi, maana gari la kumwonyesha Gerold halifai kuwa na doa. Baada ya miezi mitatu taa ikawaka mbele ya usukani, taa ndogo ya njano yenye picha ya kasha lililojaa vidoadoa.

Hapo Osmund akafanya kosa ambalo mzembe asingelifanya. Alisema gari lenye taa halitoki mjini. Akaliendesha polepole zaidi, na karibu zaidi. Hata kanisani akaacha kwenda nalo.

"Gari linaumwa, kaka," alisema kwenye simu. "Likipona nakuja."

"Mabasi yapo kila siku, Osmund."

"Nije na basi tena?"

Gerold akakohoa, akakohoa sana, simu ikakatika.

Mwaka ulipokaribia kwisha, shemeji yake, mke wa Gerold, akapiga. Mgonjwa amelazwa, na sauti yake imepungua. Asubuhi ile ile Osmund alitupa begi ndani ya gari, akashika barabara ya Njombe. Kilima cha kwanza tu, gari likaishiwa nguvu. Anakanyaga mafuta, haliendi. Malori ya mahindi yakampita yakimpigia honi. Akageuza, akalikokota mpaka gereji ya Fundi Luvanda.

Luvanda alichomeka mashine yake ya kusomea magari, akaitazama kwa muda. Akaingia uvunguni, akapapasa bomba la moshi, akatoka.

"Bosi, gari hili huwa linakwenda wapi?"

"Dukani."

"Na ukitoka dukani?"

"Nyumbani."

"Mwaka mzima?"

"Nililitunza," Osmund akasema. "Taa ilipowaka sikulisafirisha kabisa."

"Ndiyo umeliua hivyo." Luvanda akafuta mikono kwa tambara. "Sikiliza. Humu kwenye bomba kuna chujio. Kazi yake kukamata masizi ya dizeli yasitoke nje. Likianza kujaa, taa inawaka. Taa ile haikuambii ukae, inakuambia uende. Ukishika barabara ndefu, kwa mwendo, bomba linapata moto wa kutosha na masizi yanaungua yenyewe mle ndani. Masizi huchomwa na safari, bosi. Hayachomwi kwa kufuta matairi."

Vijana wa gereji wakacheka. Mmoja akasema gari lile limelelewa kama mwali. Osmund hakucheka.

"Siku ile taa ilipowaka," aliuliza, "kama ningekwenda Songea?"

"Songea? Taa ingezimika hujafika hata Njombe."

Osmund akashika mlango wa gari.

"Na sasa?"

"Sasa limejaa kupita kiasi, barabara peke yake haitoshi. Nalifungua, nalisafisha, likauke, mpaka kesho. Kama una haraka, mzee, panda basi."

Akachukua begi lake. Alikuwa hajafika getini, simu ikalia.

"Shemeji, uko wapi?"

"Nakuja, shemeji. Nakuja na basi."



"Usikimbie," mwanamke akasema. "Njoo taratibu tu. Kaka yako ametutoka saa sita hii."

Alishuka kwenye basi barabarani kwao, begi lake mkononi, kama mara ile. Palikuwa na watu wengi uani kwa Gerold, na hakuna hata mmoja aliyetazama amekuja na nini.

"Alitaka kuniambia nini?" alimuuliza shemeji yake.

"Sijui. Nilimuuliza, akasema neno ni lako." Akajifuta macho kwa ncha ya kanga. "Ila kila gari lilipopunguza mwendo pale barabarani aliniambia, chungulia, ni la kijivu?"

Siku ya kuanua matanga wazee walimpa Osmund nafasi ya kusema. Alisimama, akasema lile la fundi. Waliomwelewa walilia, na wao ndio waliotuachia methali hii. Leo ndugu wakinuniana, mmoja akisema nitakwenda mambo yakitengemaa, huambiwa neno lilo hilo.

Gari lilipona. Luvanda alilisafisha, taa ikazimika, na linatembea mpaka leo. Gharama yake ni hii. Dukani na kurudi ni kilomita nne. Kwa siku mia tatu ni kilomita elfu moja na mia mbili. Songea ni mia tatu. Angekwenda na kurudi mara mbili. Hakwenda hata moja. Amepoteza kaka mmoja, aliyekuwa naye huyo huyo tu, na neno moja ambalo hakuna mtu aliye hai anayelijua.

Masizi huchomwa na safari.