Darubini ya Koplo Mwambire

Simba akinyata majanini, atakayemwona kwa mbali atadhani ni mgonjwa au amezeeka. Ajuaye ukweli ni swala, na swala huyo harudi kutusimulia. Watu wa Ganda walilijua jambo hili mwaka wa themanini na nne, ukame ulipowakondesha hata mbwa, na kila sufuria ikanuka mahindi ya manjano ya msaada.

Mifereji ilikauka kama koo la mfungaji, maji yakabaki katika Mto Sabaki tu. Na mtoni palikuwa na mamba. Alikwisha kula mbuzi wa watu, kisha akamkamata mkono mjane mmoja, Bi Kahonzi, akiteka maji. Bi Kahonzi aliponea chupuchupu. Tangu hapo hakuna mwanamke aliyethubutu kushuka mtoni, na madebe yakalala ubavu mlangoni.

Ndipo idara ya wanyamapori ikamleta Koplo Mwambire, mlenga shabaha ambaye sifa zake zilifika kabla ya gari lake. Alipewa siku mbili tu, kisha alitakiwa kwingine. Aliposhuka na sanduku la bunduki, Baya, kijana asiyejua kunyamaza, alikimbilia kumpokea. Mwambire alikataa, akakataa tena. Lakini katika nchi hii mgeni asiyepokewa mzigo ni aibu ya wenyeji, basi mwishowe akauachia. Baya alilifunga sanduku nyuma ya baiskeli, akauporomokea mteremko kana kwamba anangojwa harusini. Penye mizizi ya mkwaju, baiskeli, Baya na sanduku wakaagana, kila mmoja akashika njia yake.

"Halina hata mkwaruzo, afande," alisema Baya, akilipangusa kwa shati lake.

Walipofika ukingoni, mamba alikuwa amejilaza kwenye fungu la mchanga, kinywa wazi, kama anayepigwa picha. Umati ukamnong'oneza Mwambire apige. Yeye alichungulia katika darubini iliyo juu ya bunduki, akavuta pumzi, kisha akaishusha. Aliwaeleza kuwa sanduku likianguka, darubini huweza kupotoka. Jicho likaona kichwa, risasi ikaenda mkiani. Na mamba aliyejeruhiwa hurudi na hila zaidi. Akageuka, akaenda zake shambani, mbali na mto.

Mzee mmoja alilalamika kwamba waliomba askari, wakaletewa fundi wa saa.

Shambani Mwambire alisimamisha ubao, akachora kwa mkaa alama kama limau, maana ubongo wa mamba hauzidi hapo. Akalala kifudifudi, bunduki juu ya mfuko wa mchanga, akaanza kwa karibu. Risasi zikatua chini ya alama, upande wa kushoto, zimekusanyika kama vifaranga. Watu wakaangua kicheko.

"Afande," aliuliza Baya, "huo ubao umekukosea nini?"

"Wacha niukose huu leo," alijibu Mwambire, "nisimkose mwenyewe kesho."

Akazungusha skrubu ya juu, kisha ya ubavuni, taratibu kama anayetafuta stesheni redioni. Risasi zikaingia limau. Watu wakadhani amemaliza, kumbe ndiyo kwanza anausogeza ubao, hadi ukawa mbali kama fungu lile la mchanga lilivyo mbali na ukingo. Alimweleza Bi Kahonzi kwamba kosa la kidole hapa ni kosa la kiganja kule. Tena risasi iendayo mbali huinama njiani kama mzee. Akapiga, akakagua, akazungusha. Wenye kicheko walichoka wakaenda zao. Sare yake iliyopigwa pasi ikawa rangi ya shamba.

"Mwanangu, kesho nitateka maji?" aliuliza Bi Kahonzi, mkono wake ukiwa kwenye bendeji.

"Mungu akipenda, mama. Njoo na debe."

Asubuhi mamba alirudi mchangani pake. Mwambire alilala ukingoni, akatulia mpaka Baya mwenyewe akasahau kutania. Mlio ukawa mmoja tu. Mamba hakuruka wala hakupiga mkia. Kinywa kilijifunga polepole kama kitabu kilichokwisha kusomwa. Hakuna aliyeshangilia, hadi Bi Kahonzi alipopita katikati yao, akashuka, akalizamisha debe lake majini. Hapo vigelegele vikafika ng'ambo.

Wakati wa kuagana, Baya alijitokeza tena kumpokea mgeni mzigo. Mwambire alilikumbatia sanduku lake, akampa ule mfuko wa mchanga.

"Pokea huu, ndugu yangu. Huu hata ukianguka, haupotoki."

Baya aliubeba kwa mikono miwili hadi garini, hatua kwa hatua, akiwaonya watoto wasimkimbize: kwani hamjui, aliwauliza, simba mwenda pole ndiye mla nyama?