Kitabu cha Maua Mia cha Sultani Makame

Hii nimetumiwa na shangazi leo asubuhi. Niliisoma nimesimama jikoni, maziwa yakafurika na sikujali. Isome mpaka mwisho kabla hujaituma, maana wengi wenu mnatuma bila kusoma na nawajua.

Palikuwa na Sultani aitwaye Makame. Katika mali yake yote, hakupenda kitu kama kitabu kimoja cha kale. Kilichorwa kwa mkono na bibi wa bibi yake, kurasa mia, kila ukurasa ua moja: kilua, asumini, afu, mkadi, na mengine ambayo siku hizi hayaoti tena popote. Duniani hapakuwa na cha pili. Alipokuwa mdogo, mama yake alimpakata akamfundisha majina ya maua hayo, ukurasa baada ya ukurasa. Mama alishafariki. Kitabu ndicho kilichobaki.

Mjini alikuwapo mdarizi hodari, Bi Mize. Siku moja Sultani alimwazima kitabu, amdarizie ua la ukurasa wa kwanza, kilua. Bi Mize akafanya kama wadarizi wafanyavyo. Alitandika kitambaa chini ya ukurasa, akaufuatisha mchoro kwa ncha ya sindano, kitobo kwa kitobo. Kisha akagongagonga juu yake kifuko cha unga wa makaa. Unga ukapita kwenye vitobo, na ua likatokea kitambaani, tayari kushonwa.

Sultani alipokiona kitabu chake, nusura azimie.

"Umefanya nini? Umeutoboa kama chujio!"

"Mtukufu, vitobo ndivyo vinavyolihamisha ua. Niachie kitabu mwaka mmoja tu, nitayahamisha yote mia."

"Yote mia? Hutakigusa tena maishani mwako!"

Akaunyofoa ukurasa ule kitabuni, akamtupia. "Chukua takataka yako, uondoke!"

Jamani! Ukurasa wa kitabu kama kile, aunyofoe kwa mkono wake mwenyewe! Hapo nilishika kifua.

Kitabu kikaviringishwa kwenye hariri, kikawekwa ndani ya kasha la mbao, kasha likapelekwa chumba cha ndani kabisa. Ufunguo akauvaa shingoni. Hata yeye hakukifungua tena, akiogopa jasho la vidole vyake. Kila Idi alikwenda kulipapasa kasha, basi.

Miaka ishirini ikapita. Binti yake, Mwanakheri, alikuwa akiomba tangu utotoni akione kitabu, akinyimwa. Alipoposwa, Sultani akaamua kumkabidhi siku ya harusi, mbele ya wageni wote.

Kasha likaletwa ukumbini. Hariri ikafunuliwa. Jalada la ngozi lilikuwa zima, linang'aa, na wageni wakapiga vigelegele. Sultani akalifungua.

Udongo ukamwagika miguuni pake.

Kurasa hazikuwapo. Hata moja! Kwenye kitako cha kasha palikuwa na tundu lisilozidi punje ya mtama. Mchwa walipita hapo, wakala miaka yote hiyo bila kusumbuliwa na mtu, wakabakiza jalada.

Sultani akapiga magoti, akawa anachekecha vumbi kwa vidole.

"Mama alikuwa akianza na kilua," alisema mwishowe. "Sasa sikumbuki hata kilichorwaje."

"Kilua?" Mwanakheri alishangaa. "Baba, si umekilalia jana?"

Akakimbilia chumbani kwa baba yake, akarudi na foronya. Kilua kilikuwa pale, jani kwa jani, mpaka kile kikonyo kilichopinda upande. Kumbe kwa miaka ishirini kila bibi harusi mjini alitandikiwa ua lile, Bi Mize akilihamisha kwa ukurasa aliotupiwa. Wajakazi wa jumba nao waliliiga, na Sultani alilaza kichwa juu yake kila usiku asilitazame!

Bi Mize akaitwa. Alikuja na ukurasa wenyewe, umelegea kwa kushikwa, umeingia weusi wa makaa. Sultani alimwangukia miguuni.

"Bi Mize, nisamehe. Na yale mengine je? Niambie unayo."

"Ningekuwa nayo yote, Mtukufu," alisema Bi Mize, naye machozi yanamtoka. "Nilikuomba."

Mwanakheri akatandaza shuka lake la harusi. Sultani akauweka ukurasa juu yake, akakichukua kifuko cha makaa kwa mkono wake, akagonga taratibu kama Bi Mize alivyomwelekeza. Alipouinua ukurasa, kilua kilikuwa juu ya shuka. Akatabasamu kidogo. Kisha mkono wake ukaenda kufunua ukurasa wa pili, kama mama alivyomzoesha. Haukuwapo. Akalia kwa sauti mbele ya wakwe zake, wala hakuona haya.

Mtumie yule ndugu yako mwenye vikombe vya harusi kabatini ambavyo mpaka leo hajavinywea mtu. Vyangu nimeshavitoa, nimeviosha.

Funzo: Kizuri ulichorithi kitumie na uwagawie wenzako ungali nacho, hata kikichakaa kidogo, kwa maana ulichogawa ndicho utakachokikuta siku ulichoficha kitakapokuwa kimekwisha.