Kindi na Mtungi wa Kivukoni

Zamani sana, watoto wangu, wanyama walipokuwa na majiko na majirani kama sisi, Tembo alikuwa na karakana kubwa ya mitungi juu ya kilima. Kindi alikuwa mdogo kuliko wafanyakazi wake wote.

Mwaka huo kiangazi kilikuwa kikali. Maji yalibaki mtoni tu, na mitungi ya Tembo, mizuri lakini mizito, ilipasuka njiani, pwaa, watoto wakalala na kiu.

"Bwana Tembo," alisema Kindi, "tutengeneze mtungi mwepesi, usiopasuka."

"Mitungi yangu haina kasoro. Wenye kasoro ni wabebaji."

Kindi akaomba ruhusa akajitegemee. Tembo akakubali, ila mahali atapanga yeye. "Unataka wapi? Hapa kando yangu, au kule kivukoni kwenye tope na kelele?"

Moyo wa Kindi ukadunda. Kivukoni ndiko alikotaka.

"Hapa hapa, bwana," akasema kwa upole. "Wateja wako watanipitia mimi kwanza."

Tembo akatikisa masikio. "Kumbe! Nenda kivukoni."

Kindi akainamisha kichwa, akaficha kicheko.

Kule kivukoni alikaa Mchwa na kichuguu chake, na juu ya matete Mnana, ndege fundi wa kusuka viota. Wabebaji wote wa maji walipita hapo.

Mtungi wa kwanza wa Kindi ulipasuka motoni, ta! Akakaa chini, machozi yakimlengalenga.

"Udongo wako una mchanga, dada," alisema Mchwa. "Chukua wangu, nimeshausaga laini."

"Nami nitausukia mtungi vazi la nyasi," alisema Mnana.

"Na uwe na shingo nyembamba," alidakia Swala aliyekuwa akiteka maji. "Maji yanatumwagikia mgongoni."

Wakafanya hivyo. Swala akaubeba, akajikwaa, mtungi ukaanguka, ukabiringika biri-biri-biri hadi kwenye jiwe. Haukupasuka. Jioni ile watoto wakanywa wakashiba.

Habari zikapanda kilimani. Tembo akateremka, gudu, gudu.

"Nani kakufundisha haya?"

"Majirani, bwana. Huyu ana udongo, yule anasuka, na wapitao hutuambia kinachowauma."

"Kumbe huku ndiko ulikotaka."

"Ndiko, bwana."

Tembo akakitazama kilima chake, kiko mbali, kimya. Kisha akashusha mkonga taratibu.

"Nafasi ya karakana nyingine ipo?"

Kindi akasogea kidogo, akampisha.

Basi kumbukeni, wanangu: wazo jipya hukua upesi likikaa karibu na akili za wengine.